Gugu Karoti: Ling'oe Kabla Halijachanua

Mvua ikinyesha kwa wiki mbili tatu mfululizo, kando za barabara, viwanja vya shule na malisho yetu hugeuka kijani. Mfugaji aliyepitia kiangazi kirefu akiona hivyo hupumua. Lakini si kila kijani ni nyasi. Ukishuka kwenye pikipiki na kuinama uangalie vizuri, huenda ukakuta mmea wenye majani yaliyochanika kama ya karoti au dania, umejitandaza chini kama sahani. Baada ya mwezi mmoja hivi mmea huo utakuwa umesimama wima, umejaa vijiua vidogo vyeupe, na ng'ombe wataupita bila kuugusa.

Mmea huo ni gugu karoti. Wataalamu wa mimea wanauita Parthenium hysterophorus, na wengine hulijua kama gugu la njaa. Hapa Kenya limeonekana tangu miaka ya 1970, na mwaka wa 2010 liliwekwa katika orodha ya magugu hatari chini ya Sheria ya Kudhibiti Magugu Hatari, Sura ya 325. Linaharibu malisho, linapunguza mavuno, linawasha ngozi na linatia maziwa uchungu. Makala haya yanaeleza lilikotoka, jinsi ya kulitambua, na kazi ambayo kila mwenye shamba, plot au boma anaweza kuifanya kwa mikono yake iwapo ataifanya kwa wakati unaofaa.

Lilikotoka

Parthenium ni jenasi, yaani ukoo mmoja wa mimea, katika familia moja na alizeti. Ina spishi zipatazo 16, na zote asili yake ni bara la Amerika. Huko kwao si adui. Ndugu mmoja wa gugu hili, Parthenium integrifolium, huota katika mbuga za nyasi ndefu za Marekani, katika majimbo kama Missouri na Illinois. Hufikia urefu wa mita moja hivi, maua yake meupe hukaa katika vishada kama lulu ndogo, na nyuki na vipepeo huyapenda. Wanaojitahidi kurejesha mbuga hizo baada ya kulimwa kwa miaka mingi huipanda mbegu yake makusudi.

Ndugu mwingine, Parthenium argentatum, huota katika nyika kavu za kaskazini mwa Meksiko na jimbo la Texas. Huyo hutoa utomvu wa kutengenezea mpira. Mwaka wa 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilipokatiwa mpira uliokuwa ukitoka kusini mashariki mwa Asia, serikali yake ilianzisha mradi wa dharura wa kuupanda mmea huo.

Basi kwa nini ndugu wa tatu awe balaa kwetu? Kuna sababu mbili kubwa.

Ya kwanza ni maadui. Huko Amerika kuna wadudu wanaokula majani yake, wanaotoboa shina lake na wanaomaliza mbegu zake, na kuna magonjwa ya kutu yanayolidhoofisha. Mbegu ilisafiri ikavuka bahari, lakini wadudu wengi walibaki nyuma.

Ya pili ni udongo ulio wazi. Ua la mbugani tulilolitaja huishi miaka mingi na limezoea kubanana na nyasi zenye mizizi mirefu. Gugu karoti lina tabia tofauti. Huishi msimu mmoja, hukua haraka, na hupenda mahali ambapo udongo umevurugwa au umebaki uchi: kando ya barabara mpya, kwenye mitaro, penye machimbo, katika shamba lililoachwa baada ya mavuno, na katika malisho yaliyoliwa na mifugo hadi kwenye mzizi. Penye nyasi nene linapata shida kuota. Penye udongo mtupu hufunguliwa mlango. Jambo hili ni muhimu, na tutalirudia tukifika kwenye kinga.

Safari yake duniani

Gugu hili halikuletwa kwa ubaya. Liliingia likiwa limechanganyika na vitu vyema. Katika jimbo la Queensland, Australia, mwaka wa 1960 lilifika eneo la Clermont ndani ya mbegu za nyasi za malisho zilizoagizwa kutoka Texas. Nchini India lilianza kuonekana sana kuanzia miaka ya 1950 karibu na mji wa Pune, na watu huko waliliita kwa jina lenye maana ya nyasi ya karoti, sawa na sisi.

Nchini Ethiopia lilionekana mashariki mwa nchi, karibu na Dire Dawa na Harerge, na watafiti wanaamini liliingia pamoja na nafaka za msaada wakati wa ukame. Ndiyo sababu likaitwa gugu la njaa. Wakulima wa huko wana jina jingine pia, faramsissa, ambalo huelezwa kuwa na maana ya kitu kinachokufanya utie sahihi na kuliachia shamba lako. Jina hilo linaonyesha uzito wa hasara waliyoiona.

Hasara yenyewe imepimwa. Utafiti uliofanywa mashariki mwa Ethiopia ulionyesha kuwa mtama ulioachwa msimu mzima pamoja na gugu hili bila kupaliliwa ulipoteza kati ya asilimia 40 na asilimia 97 ya mavuno, kulingana na mwaka na mahali. Kwa lugha ya ghala, mkulima aliyetarajia magunia kumi anaweza kubaki na sita, au kukosa hata gunia moja.

Jinsi ya kulitambua

Watu wengi hulipita kwa sababu likiwa changa linafanana na mboga. Angalia dalili hizi:

Likiwa changa: majani yamelala chini yakizunguka katikati kama sahani. Kila jani limechanika sana kama la karoti, na lina vinyweleo laini ukiligusa. Halina harufu ya dania, na ukilichimba halina karoti chini bali mzizi mmoja mwembamba unaoshuka.

Likikua: shina linasimama, lina mifereji inayotoka chini kwenda juu, na linatoa matawi mengi sehemu ya juu. Linaweza kufika kimo cha kiuno au kifua cha mtu mzima. Likizeeka shina linakuwa gumu kama kijiti.

Likichanua: vijiua ni vyeupe au vyeupe vilivyofifia, kila kimoja kidogo kuliko punje ya hindi, na ukikitazama kwa karibu kina pembe tano. Viko vingi sana kwenye mmea mmoja hivi kwamba kwa mbali shamba huonekana kama limenyunyiziwa unga.

Ukiwa na shaka, usiling'oe kwa mikono mitupu ili kulipeleka kwa mtaalamu. Piga picha ya jani, shina na ua, kisha umwonyeshe afisa wa kilimo wa wadi yako.

Linavyodhuru

Kwa mifugo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawalipendi kwa sababu ni chungu. Matokeo yake ni kwamba hula nyasi pande zote na kuliacha gugu peke yake, nalo linapata nafasi zaidi kila msimu. Kiangazi kikizidi na nyasi zikaisha, mnyama mwenye njaa hulila. Hapo mfugaji anaweza kuona vidonda mdomoni, manyoya yakipukutika na ngozi ikiwasha. Maziwa hugeuka kuwa machungu na nyama hupata ladha mbaya. Likizidi sana katika lishe linaweza kumuua mnyama. Kwa familia inayotegemea lita chache za maziwa kulipia karo na unga, mtungi mmoja uliokataliwa pale kwenye kituo cha kukusanyia maziwa ni pigo.

Kwa mimea. Mbali na kunyang'anya maji na mbolea, gugu hili hutoa kemikali kutoka kwenye mizizi na kwenye majani yake yanayooza. Kemikali hizo huzuia mbegu za mimea mingine kuota vizuri. Hivyo hata baada ya kufa bado linalinda nafasi yake.

Kwa watu. Ndani ya mmea mzima, hasa kwenye majani na maua, kuna kemikali iitwayo parthenini. Anayegusana nayo mara kwa mara anaweza kupata mwasho, ngozi kuwa nyekundu, kupasuka na kuwa nzito, hasa mikononi, shingoni na usoni. Chavua yake ikipeperushwa na upepo inaweza kuleta mafua ya mzio, macho kuwasha, na kuchochea pumu kwa wenye ugonjwa huo. Jambo la kuangalia ni kwamba madhara haya hayaji lazima siku ya kwanza. Mtu anaweza kulipalilia msimu mmoja bila shida akadhani yeye halimdhuru, kisha msimu unaofuata ngozi ikakataa kabisa. Ukiona dalili hizi, acha kugusana na gugu, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni, na uende katika kituo cha afya kilicho karibu. Mweleze mhudumu kwamba umekuwa ukishika gugu karoti.

Hesabu ya mwezi mmoja

Ukilisoma jambo moja tu katika makala haya, lisome hili.

Gugu karoti linaweza kuanza kuchanua wiki nne hadi sita tu baada ya kuota. Mmea mmoja ulioachwa hadi ukomae unaweza kutoa mbegu 15,000 au zaidi. Kwa hiyo mimea kumi iliyo nyuma ya choo au kando ya ua wa boma, ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuihesabu kwa vidole, inaweza kuacha mbegu 150,000 ardhini. Mbegu zilizofukiwa hukaa hai kwa miaka kadhaa zikisubiri mvua.

Sasa fikiria upande wa pili. Mimea hiyo hiyo kumi ukiing'oa katika wiki ya tatu, kabla ya ua la kwanza, ni kazi ya dakika kumi na hakuna hata mbegu moja inayoanguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa hukaa wazi kwa mwezi mmoja tu baada ya mvua kuanza.

Namna ya kuling'oa kwa usalama

1. Jikinge kwanza. Vaa glavu, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vya kufunika mguu na barakoa. Kama huna glavu za mpira, mifuko ya plastiki migumu iliyofungwa mkononi ni afadhali kuliko mikono mitupu. Mwenye pumu au mwenye ngozi inayodhurika haraka asishiriki kazi hii. Watoto wa shule pia wasipewe kazi ya kuling'oa.

2. Chagua wakati. Fanya kazi siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa laini, ili mzizi utoke wote.

3. Ng'oa, usifyeke. Ukilikata kwa panga au kwa mashine ya kukatia nyasi, kisiki kilichobaki huchipua tena na kuchanua kikiwa kifupi zaidi, mahali ambapo hutakiona kwa urahisi. Shika karibu na ardhi uvute, au tumia jembe kutoa mzizi.

4. Tenganisha yaliyochanua na ambayo hayajachanua. Machanga yasiyo na ua unaweza kuyaacha yakauke juani, mizizi ikiangalia juu. Yenye maua au mbegu yatie ndani ya gunia lisilo na matundu palepale ulipoling'oa. Usiyaburute kuvuka shamba, kwa maana utakuwa unapanda.

5. Yaharibu. Yaliyo kwenye gunia yakaushe humo humo, kisha yachome mahali salama mbali na nyumba, ukisimama upande ambao moshi hauelekei. Usiyatupe mtoni, kwenye mtaro wala kwenye lundo la mbolea.

6. Oga na ufue. Nguo ulizovaa zifuliwe kando na nguo za watoto.

7. Rudi baada ya wiki mbili. Mbegu zilizokuwa chini zitaota tena. Rudi hivyo hivyo msimu mzima, na misimu inayofuata. Kila mzunguko utakuta machache zaidi ikiwa hukuruhusu yoyote yachanue.

Kwa mashamba makubwa yaliyovamiwa kabisa, dawa za kuua magugu zinaweza kusaidia. Hata hivyo, aina ya dawa, kipimo na wakati hutegemea zao ulilopanda. Usinunue kwa kukisia dukani. Pata ushauri wa afisa wa kilimo kwanza.

Ziba mlango: funika udongo

Kung'oa pekee hakutoshi ikiwa udongo utabaki uchi. Tumeshaona kwamba gugu hili hushindwa penye nyasi nene. Kwa mfugaji, hii ina maana ya kugawa malisho katika sehemu na kuzipumzisha kwa zamu, kupunguza mifugo kabla kiangazi hakijafika kilele, na kupanda nyasi pale ulipong'oa gugu badala ya kupaacha patupu. Kwa mkulima, ina maana ya kupalilia mapema, kutandaza mabua na majani makavu kati ya mistari, na kutoliacha shamba wazi baada ya mavuno. Kwa mwenye plot mjini, ina maana ya kupanda hata pasipalamu kwenye uwanja mtupu.

Tusilibebe wenyewe

Mbegu ni ndogo na nyepesi. Haziruki mbali sana zenyewe. Mara nyingi ni sisi tunaozisafirisha, kwenye matope ya magurudumu, kwenye kwato, kwenye nyasi kavu za kununua, kwenye mchanga na mchanga-mawe wa ujenzi, na kwenye mbegu zisizopepetwa. Huko Queensland, wafugaji na madereva hutumia vituo maalum vya kuosha magari na mashine yanapotoka katika maeneo yenye gugu. Hapa kwetu kila mtu anaweza kuanza na haya:

Madereva wa malori, tingatinga na trekta: gongeni na muoshe matope kabla ya kutoka eneo lenye gugu kuingia eneo safi.

Wanaonunua nyasi za mifugo: ulizeni zimekatwa wapi, na mfungue bale moja mwangalie kabla ya kulipa. Zilisheni mahali pamoja ili kikiota kitu mkione mapema.

Wanaohamisha mifugo: wakitoka eneo lililovamiwa, wakae siku chache ndani ya boma moja kabla ya kuachiliwa malishoni.

Wajenzi: ukiletewa mchanga, angalia lundo hilo baada ya kila mvua.

Wapenda maua: usilikate kuweka mezani wala kufungia shada. Katika baadhi ya masoko ya Pakistan vijiua hivi vimekuwa vikichanganywa kwenye mashada ya maua, na hivyo mbegu na chavua yake huingia hadi nyumbani. Usilitumie kama ufagio pia.

Je, hakuna mdudu wa kulila?

Swali hili huulizwa sana, na ni swali zuri. Kuna mbawakawa mdogo kutoka Meksiko, Zygogramma bicolorata, ambaye hula majani ya gugu hili. India ilimwachilia mashambani mwaka wa 1984. Australia imeachilia aina tisa za wadudu na aina mbili za ugonjwa wa kutu dhidi yake. Wamesaidia kulidhoofisha, ingawa hawalimalizi, na nguvu yao hutegemea mvua na joto la mahali. Kuleta mdudu kutoka nchi nyingine hufanywa na taasisi za utafiti kwa kibali na baada ya majaribio marefu, ili asije akageukia mazao yetu. Mtu binafsi haruhusiwi kumleta mdudu wa aina hiyo. Hata pale ambapo wadudu hao wapo, kung'oa na kufunika udongo hubaki kazi ya lazima.

Wajibu wetu

Sheria inamtaka anayehusika na ardhi aondoe gugu hatari lililo kwenye ardhi yake. Lakini gugu karoti halijui mpaka. Ukilimaliza kwako na jirani akaliacha, mvua inayofuata italirudisha kupitia mtaro. Ndiyo maana njia yenye matokeo ni majirani kukubaliana siku moja, kikundi cha akina mama, chama cha wafugaji au vijana wa mtaa, na kupita eneo zima pamoja, boma kwa boma na kando ya barabara, wiki tatu baada ya mvua kuanza.

Ukiliona mahali papya, au katika ardhi ya umma kama vile uwanja wa soko, kituo cha afya au kando ya barabara, toa taarifa kwa afisa wa kilimo wa wadi au kwa msimamizi wa wadi yako. Eleza mahali, ukubwa wa eneo, na kama limeshachanua. Taarifa inayofika likiwa limelala chini kama sahani ina thamani kubwa kuliko inayofika likiwa jeupe.

Mvua zijazo, basi, kabla ya kufurahia kijani, inama uangalie jani.